Kidogo Kilichochanganywa: Habari za Taa Zetu

Wasomaji wetu walio watu wazima wanaikumbuka karabai. Usiku wa mkesha wa Krismasi ilitundikwa katikati ya kanisa, ikivuma kama nyuki, na nuru yake ikafika mpaka nje chini ya miembe. Sisi tuliokuwa watoto siku zile tulipewa amri moja tu: tusiiguse wala tusiitikise. Maana ndani ya kioo chake mlikuwa na kifuko cheupe, chepesi kuliko unyoya. Kilipotoka dukani kilikuwa kitambaa cha uzi. Kikafungwa mahali pake kwa kijikamba, kikaunguzwa kwa kiberiti, kikawa jivu, na jivu lile likakaa vile vile kwa umbo la kifuko. Nondo mmoja mkubwa akiingia, basi, kifuko kilitoboka, na moto ukatoka kwa pembeni ukapasua kioo. Mwaka mmoja jambo hilo lilitupata katikati ya wimbo, na wazee wakaimaliza ibada kwa chemli mbili na koroboi la mpishi.

Siku zile hatukuuliza neno ambalo lilistahili kuulizwa: yawezaje jivu kutoa nuru kuupita moto wenyewe? Tuliwaza kwamba nguvu yote ni ya mafuta na ya ile pampu. Sivyo. Na yeye aliyeigundua siri ya jivu lile alikaribia kushindwa kabisa kabla hajaipata. Twataka kuisimulia habari yake, kisha tuifuate njia hiyo hiyo mpaka katika taa ndogo za jua ambazo wengi wetu twazitumia sasa, kwa kuwa ndani yake mna jambo lile lile, tena mna kitu kile kile, kama msomaji atakavyoona mwishoni.

Mtu huyo ni Carl Auer von Welsbach, aliyezaliwa Vienna katika nchi ya Austria mwaka 1858. Baba yake alikuwa msimamizi wa kiwanda cha serikali cha kupiga chapa, kwa hiyo mtoto alikulia penye harufu ya wino, ambayo wasaidizi wa gazeti hili wanaijua. Alipokua alikwenda Heidelberg katika Ujeremani, akajifunza kemia kwa Robert Bunsen, mwalimu mwenye sifa kubwa. Hapo akapenda kazi ambayo wenzake waliiona ni ya kuchosha na isiyo na faida, yaani kuchambua jamii ya madini ambayo yafanana sana hata kuyatenga huchukua miezi na miezi. Huyeyushwa, hugandishwa, huyeyushwa tena, mara mia na zaidi. Mwaka 1885 Auer alionyesha kwamba kitu kimoja ambacho wataalamu walidhani ni kimoja kwa kweli ni viwili. Nani angefikiri kwamba kazi ya namna hiyo ingemsaidia mtu asomaye usiku?

Lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ili aichunguze nuru ya madini hayo katika moto, Auer alichovya uzi wa pamba katika maji yaliyoyeyushwa chumvi za madini, akautia motoni. Uzi ukaungua, bali kilichobaki kikashika umbo lake, nacho kikawaka kwa nuru nyeupe yenye nguvu. Akaona mara moja kwamba amepata taa. Mwaka huo huo wa 1885 alichukua hati ya haki ya uvumbuzi wake, na baadaye kiwanda kikafunguliwa.

Hapo tungependa kuandika kwamba watu walifurahi na taa ikaenea. Haikuwa hivyo. Vifuko vile vya kwanza vilitengenezwa kwa magnesi na kwa madini mawili adimu, lantanumu na itriumu. Nuru yake ilikuwa na rangi ya kijani kidogo, ikamfanya kila aketiye chini yake aonekane kama mgonjwa. Tena vilivunjika upesi. Watu wakaacha kununua. Mwaka 1889 kiwanda kikafungwa.

Auer akarudi mezani pake. Safari hii alijaribu madini mengine yaitwayo toriumu, ambayo majivu yake hayayeyuki hata katika moto mkali kupita moto wa mhunzi. Mwanzo nuru ilikuwa nzuri. Basi akafanya kama afanyavyo kila fundi mwema: akaisafisha toriumu yake ili nuru izidi. Akaisafisha mara ya pili na ya tatu. Ajabu ni kwamba kila alivyozidi kuisafisha, nuru ilizidi kufifia.

Twaomba msomaji asimame kidogo hapa, maana ndipo ulipo moyo wa habari yetu. Mtu mwingine angaliiona toriumu ile kuwa imemdanganya, akaitupa. Auer akauliza: katika uchafu ule niliouondoa palikuwa na nini? Akautafuta, akaona kwamba palikuwa na seriumu kidogo, nayo ni mojawapo ya jamii ile ya madini adimu aliyoijua tangu ujana wake. Akairudisha kwa kipimo. Akitia kidogo mno, kifuko kilikuwa hafifu. Akitia nyingi mno, kilikuwa hafifu vile vile. Kipimo kilichofaa ni sehemu 99 za toriumu na sehemu 1 ya seriumu. Toriumu yastahimili joto bila kulipoteza upesi, na seriumu ndiyo itoayo nuru ionekanayo kwa macho. Ikiwa peke yake, kila moja haifai. Mwaka 1891 taa hizo ziliwashwa Vienna, na safari hii watu walinunua.

Vifuko vya Auer vikaenda ulimwenguni kote, kwanza katika taa za gesi za miji mikubwa, kisha katika taa za mafuta zenye pampu, na hizo ndizo zilizofika kwetu. Jambo moja lazima tuliseme kwa sababu liliwahusu wengi bila wao kujua. Mwaka 1898 ilijulikana kwamba toriumu hutoa mionzi isiyoonekana, kama ile ya madini ya uraniamu. Si hatari kubwa kwa mtu aketiye chini ya taa, lakini vumbi la kifuko kilichovunjika halifai kuvutwa kwa pua wala kuchezewa na watoto. Hivyo watengenezaji wengi wameiacha toriumu wakatumia itriumu. Auer mwenyewe alifariki mwaka 1929. Na yale majiwe madogo yatoayo cheche katika viberiti vya chuma ni kazi yake pia, ya mwaka 1903. Nayo yana seriumu ndani yake.

Sasa twaiacha karabai hiyo ya pampu, twamgeukia ndugu yake mkubwa, kwani watu huziita taa zote mbili kwa jina hilo moja. Karabai ya zamani haikuwa na mafuta. Ilitiwa mawe ya kijivu, yakadondoshewa maji tone tone, ikatoka gesi ikawaka. Aliyewahi kukaa nayo karibu hawezi kuisahau harufu yake, mbaya, kama ya vitunguu saumu vilivyooza. Gesi yenyewe ikiwa safi haina harufu ile. Yatoka katika fosforasi kidogo sana iliyomo katika mawe. Msomaji aiweke harufu hiyo akilini.

Katika Marekani, jimbo la New Jersey, kulikuwa na wataalamu wa kampuni ya simu waliofanya kazi mahali paitwapo Bell Laboratories. Mmoja wao, Russell Ohl, alishughulika na silikoni, kitu kipatikanacho kwa kuuchoma mchanga mweupe pamoja na makaa mpaka utengane. Mwezi wa Februari mwaka 1940 alikuwa na kipande kimoja cha silikoni chenye ufa, nacho kilifanya mambo yasiyoeleweka. Alipokisogeza karibu na taa, sindano ya kipimo cha umeme iliruka. Nuru ilikuwa ikizaa umeme ndani ya kipande kile, tena mwingi kuliko vitu vyote vilivyojulikana siku zile.

Sababu yake ilikuwa nini? Kipande kile kilipopoa kutoka katika tanuu, uchafu wake ulijitenga, namna moja upande huu na namna nyingine upande ule. Uchafu wenyewe ulikuwa mdogo hata vyombo vya kupimia havikuweza kuuonyesha. Lakini mafundi wawili, Jack Scaff na Henry Theuerer, walipokuwa wakikata silikoni ya upande mmoja walisikia harufu. Ilikuwa harufu ile ile ya karabai! Hivyo pua ya mwanadamu ilifahamu kabla ya chombo kwamba ndani mna fosforasi.

Tutumie mfano wa bao, mchezo ujulikanao na wengi wetu. Tufikiri bao ambalo kila shimo lina kete yake moja na hakuna nafasi. Haiwezekani kucheza. Hiyo ndiyo silikoni iliyo safi; umeme haupiti kwa urahisi. Sasa tutie chembe moja ya fosforasi: imekuja na kete moja zaidi, isiyo na shimo, na kete hiyo hutembea. Au tutie chembe ya kitu kingine kiitwacho boroni: hicho kimepungukiwa kete, kwa hiyo shimo moja liko tupu, na kete za jirani huweza kuhamia humo. Tukiziunganisha silikoni hizo mbili uso kwa uso, mpaka ulio kati yake hufanya kazi kama mlango ufunguliwao upande mmoja tu. Nuru ya jua ikipiga hapo, huzing'oa kete kutoka mashimoni, na mlango huzisukuma zote upande mmoja. Kete hizo ni elektroni, na mwendo wake ndio umeme.

Kutoka siku ile mpaka kupata kitu cha kutumika ilipita miaka 14. Daryl Chapin wa kampuni ile ile alikuwa ametumwa kutafuta njia ya kuendesha simu katika nchi za joto na unyevunyevu, kwa sababu betri kavu ziliharibika upesi huko. Sisi tulio na redio twaujua msiba huo. Pamoja na Calvin Fuller na Gerald Pearson alitengeneza sahani za silikoni, zikaonyeshwa kwa watu mwezi wa Aprili mwaka 1954. Katika kila sehemu 100 za nguvu ya jua zilizoangukia, ziligeuza kama 6 tu ziwe umeme. Bei yake ilikuwa kubwa mno, hata kwa miaka mingi waliozinunua hasa ni wale warushao vyombo mbinguni. Leo zimo juu ya mapaa ya nyasi na ya bati. Habari ya jinsi bei ilivyoshuka ni ndefu, na si ya leo.

Lakini sahani ya jua haiwaki. Yahitaji taa inayotosheka na umeme kidogo, kwa kuwa globu ya waya wenye joto hupoteza karibu nguvu yote kwa joto. Taa hiyo hupatikana kwa kuugeuza mchezo wetu wa bao: badala ya nuru kuing'oa kete, kete iangukapo katika shimo tupu hutoa nuru. Shimo likiwa la kina kifupi, nuru huwa nyekundu. Likiwa refu, huwa ya samawati. Vitaa vyekundu vilipatikana mwaka 1962 kwa kazi ya Nick Holonyak huko Marekani, kisha vya kijani. Cha samawati kilikataa. Na bila samawati hakuna nuru nyeupe, wala mtu hawezi kusoma Biblia kwa kitaa chekundu.

Kwa karibu miaka 30 wataalamu wa nchi nyingi walishindwa. Kitu kilichofaa kilijulikana, nacho ni mchanganyiko wa galiumu na nitrojeni, lakini hakuna aliyeweza kukikuza kikawa fuwele nzuri, yaani chembe zake zikae safu safu kama punje juu ya gunzi la muhindi. Wengi wakakiacha wakashika kitu kingine kilicho chepesi zaidi kutengenezwa. Katika Japani, Isamu Akasaki hakukiacha. Alianza mwaka 1973, na mwaka 1981 akahamia Chuo Kikuu cha Nagoya. Mwaka uliofuata alikuja kwake mwanafunzi mmoja, Hiroshi Amano, aliyekuwa na umri wa miaka 22. Amano alijaribu mara zaidi ya 1,500. Kisha siku moja tanuu yao ilikuwa mbovu na joto halikupanda kama desturi. Badala ya kwenda nyumbani akakumbuka wazo moja, akatandaza kwanza utando mwembamba wa alumini na nitrojeni juu ya kipande cha yakuti kwa joto lile dogo, akakuzia galiumu yake juu ya utando huo joto liliporudi. Alipokitoa kipande kilikuwa angavu kama kioo, hata kwanza akadhani amesahau kufungulia gesi. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1986.

Ikabaki kazi ya pili: kupata upande wenye mashimo matupu. Kitu cha kuchanganya kilikuwa magnesi, nayo ilitiwa bila faida. Mwaka 1989 Akasaki na Amano walipiga kipande chao kwa mshale wa elektroni wa darubini kubwa, mashimo yakafunguka. Ila kwa nini yamefunguka, hapakuwa na mtu aliyeweza kueleza. Shuji Nakamura, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Nichia, huko Tokushima mbali na miji mikubwa, ndiye aliyeonyesha sababu mwaka 1992. Gesi iliyotumika katika tanuu ilikuwa na hidrojeni, na chembe za hidrojeni zilijishika na magnesi, zikayaziba mashimo kama mgeni akaaye kitini pa mwenyeji. Dawa yake ilikuwa rahisi: kukipasha kipande joto katika nitrojeni, hidrojeni ikatoka. Mwaka 1993 Nakamura na kampuni yake walionyesha kitaa cha samawati chenye nuru kali.

Tukilinganisha mambo haya mawili, Auer alimwondoa aliyefaa akamrudisha. Wajapani walimwingiza aliyefaa, na asiyefaa akaingia naye kwa siri. Katika mambo yote mawili kilichokuwa kikitafutwa ni kidogo kuliko chumvi katika sufuria ya mboga.

Na malipo yalikuwaje? Nakamura alipewa na kampuni yake yeni 20,000 tu, fedha isiyoweza kumnunulia hata baiskeli nzuri, na huku kampuni ikapata mali nyingi. Alikwenda kukaa Marekani, na mwaka 2001 akaishtaki kampuni. Mwaka 2004 mahakama ya Tokyo iliamuru alipwe yeni 20,000,000,000. Kampuni ikakata rufani, na mwaka 2005 wakapatana kwa yeni kama 840,000,000. Wako wasemao kwamba alifanya tamaa, kwa kuwa kampuni ndiyo iliyomnunulia vyombo na kumngojea miaka yote asipozalisha kitu, na neno hilo lina uzito wake. Sisi twaona kwamba waliompa yeni 20,000 ndio walioanza ugomvi. Mwaka 2014 Akasaki, Amano na Nakamura walipewa pamoja tuzo ya Nobel. Akasaki alifariki mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 92.

Limebaki neno moja. Kitaa cha samawati si cheupe, na mtu hapendi kula chakula katika nuru ya samawati. Mwaka 1996 kampuni ile ya Nichia ilianza kuuza kitaa cheupe. Juu ya kipande cha samawati hupakwa unga wa manjano uliotengenezwa kwa itriumu na alumini. Sehemu ya nuru ya samawati hupita, na sehemu nyingine humezwa na unga ule ukatoa nuru ya manjano. Macho yakipokea samawati na manjano pamoja huona nyeupe. Itriumu msomaji ameikuta: ilikuwamo katika kile kifuko cha kwanza cha mwaka 1885, kilichoharibikiwa. Na unga huo ukiwa safi hauwaki hata kidogo. Huchanganywa na kitu kidogo sana, na kitu hicho ndicho kiutoacho nuru. Ni seriumu.

Anayetaka kuiona na aichukue taa yake ya jua mchana, ikiwa imezimwa, aiinamishe kidogo mwangani. Ndani ya kioo chake ataona vidoa vidogo vya rangi ya manjano, kama kiini cha yai. Hapo ndipo ilipo.